Kurapu gari rangi nyingine: sheria inaangalia nini hasa

Swali linalojirudia sana kwa watu wanaotaka kubadilisha muonekano wa gari ni hili: nikiirapu gari yangu, yaani nikiivisha stika ya vinili (plastiki nyembamba ya kubandika) ya rangi nyingine, hiyo inahesabika nimebadilisha rangi au hapana? Maana rangi ya kiwandani bado ipo chini pale, haijaguswa, siku nikiichoka nabandua na gari inarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo mtu anajiambia mimi sijapaka kitu, nimebandika tu, ile sheria ya kubadilisha rangi hainihusu. Na mafundi wengi wanaobandika nao wanamjibu mteja hivyohivyo, hiyo ni stika tu bosi, haina shida, mteja analipa anaondoka.

Jibu hilo ni la hatari kwa sababu linajibu kitu ambacho sheria haijauliza. Sheria za usajili wa magari, karibu kila mahali zilipo, hazijali umetumia nini kubadilisha muonekano, iwe rangi ya kupuliza, stika, au hata rangi ya mpira inayobanduka. Askari anayekusimamisha barabarani anaona gari nyeusi mbele yake na karatasi inasema nyeupe, basi. Hawezi kukwangua bampa aone chini kuna nini, na wala hatakiwi. Kwa hiyo ukitaka mambo haya yasikuchanganye acha kabisa ule ubishi wa "ni rangi au ni stika", jiulize maswali mawili tu: gari yangu inavyoonekana sasa inafanana na ilivyoandikwa? Na je, kuna kitu nimekifunika ambacho hakitakiwi kufunikwa? Hayo mawili yanabeba sehemu kubwa ya habari yote, mengine kama bima na mkopo yanakuja baadaye na tutayafikia.

Tuanze na hilo la kufanana na karatasi, maana ndo linasumbua wengi. Kwa nini serikali inataka kujua gari yako ina rangi gani? Wengine wanadhani ni urasimu tu wa kukusanya ada, ila sababu yake ni nzito. Wezi wa magari wana mchezo wa kutafuta gari halali ya aina ileile na waliyoiba, wanatengeneza namba zinazofanana na za ile halali, wanabandika kwenye ya wizi, na kuanzia hapo zinatembea gari mbili zenye namba moja. Kamera inayosoma namba ikiuliza kwenye kumbukumbu inajibiwa namba hii ni ya gari aina fulani, modeli fulani, rangi fulani. Rangi ikipishana na inayoonekana, hapo ndo mtu anashtuka. Halafu shahidi wa ajali au wa wizi, kitu cha kwanza anachokumbuka ni rangi, namba huwa anashika herufi mbili tatu tu. Sasa wewe ukigeuza gari yako kutoka fedha kwenda bluu bila kumwambia mtu, kwenye mfumo unaonekana sawasawa na yule mwenye namba ya kughushi, na ukisimamishwa wewe ndo wa kujieleza. Pia fikiria upande wa pili, gari yako ikiibiwa ukaripoti ni bluu wakati kumbukumbu zinasema fedha, taarifa itakayosambazwa itakuwa na mkanganyiko tangu mwanzo.

Kuhusu nani wa kuambiwa, kila nchi ina ofisi yake. Uingereza ni DVLA, na rangi imo kabisa kwenye orodha ya mabadiliko ambayo mwenye gari lazima ayapeleke, pamoja na injini, aina ya mafuta na namba ya chesisi, unarekebisha kwenye hati ya usajili wa gari, wao wanaiita V5C, na huduma yenyewe hailipiwi. Kenya mambo ya taarifa za gari yapo chini ya NTSA, Tanzania kadi ya gari inatolewa na TRA. India wao wanakwenda mbali zaidi, unatakiwa upate kibali cha ofisi ya usajili, RTO, kabla hujaigusa gari, siyo unabandika kwanza halafu unaenda kutoa taarifa. Hii tofauti ya kabla na baada naomba uishike sana kwa sababu ndo inayowaponza watu wenye nia njema kabisa, mtu anasoma kwamba sehemu fulani unabandika halafu unaripoti, anafanya hivyo kumbe kwake utaratibu ni kuomba kwanza, wakati mwingine na gari kukaguliwa juu yake. Marekani usitafute jibu moja, usajili wa magari kule ni kazi ya kila jimbo na kila jimbo lina fomu zake.

Umoja wa Ulaya ndo unaoonyesha vizuri kwa nini majibu ya mtandaoni yanagongana. Kuna maelekezo yao ya mwaka 1999 yanayopanga hati za usajili zifanane nchi zote, na kila taarifa imepewa herufi yake, rangi imepewa herufi R. Ila rangi imewekwa kwenye kundi la taarifa za hiari, yaani nchi ikitaka inaiweka kwenye hati na isipotaka inaiacha. Matokeo yake mtu wa nchi moja anakuambia kwa moyo mweupe kabisa "sisi hatuandikishi, rapu tu", na kwake ni kweli, mwenzake wa nchi jirani akifuata ushauri huo anaingia matatani. Kwa hiyo kabla hujaamini mtu yeyote, toa hati ya gari yako uiangalie kwa macho yako. Kama kuna sehemu imeandikwa rangi, basi chukulia kwamba ukiibadilisha una kazi ya kuripoti mpaka ofisi yenyewe ikuambie vingine.

Hapo kuna maswali madogomadogo yanayofuata na yana majibu yake. Rangi ya kwenye hati huwa ni ya jumla sana. Ujerumani kwa mfano rangi zina namba kuanzia 0 mpaka 9 tu, sifuri ni nyeupe, tisa ni nyeusi, bluu ni tano, hakuna bluu ya bahari na bluu ya usiku. Maana yake ukitoka bluu iliyoiva kwenda bluu iliyopauka, kwa macho yako ni gari mpya lakini kwa hati ni bluu ileile. Vilevile ukitoka nyeusi ya kung'aa kwenda nyeusi isiyong'aa, ile ya mati, rangi ya kwenye hati haijabadilika. Na ile filamu isiyo na rangi ya kulinda rangi isichubuke na kokoto, hiyo haigusi kabisa habari ya usajili, weka gari nzima ukitaka.

Kipande cha gari je? Watu wengi wanarapu paa jeusi, au boneti, au saiti mira tu, au mistari miwili ya katikati. Utaratibu wa kawaida ni kuangalia rangi iliyotawala, ile ambayo mtu akiulizwa "gari ilikuwa rangi gani" ndo atakayoitaja. Paa jeusi juu ya gari nyekundu, gari bado ni nyekundu. Ila ukirapu paa, boneti, bampa zote mbili na milango miwili, hapo usijidanganye kwamba ni kipande. Ofisi nyingi za usajili zina nafasi ya rangi mbili, au neno la rangi mchanganyiko, kwa hiyo hata ile stika inayogeuka rangi kadiri unavyoizunguka gari ina mahali pa kuandikwa, unaiuliza ofisi wanataka iandikweje badala ya kuchagua mwenyewe rangi unayoipenda zaidi.

Na hili la "ni ya muda tu". Mtu anasema nimebandika kwa ajili ya harusi, au tangazo la mwezi mmoja, nitatoa. Ubandukaji wa stika unakusaidia wewe kwenye mfuko na thamani ya gari, ila kipindi chote ilichokaa mwilini mwa gari, gari inaonekana vile, na sheria inahesabu kuonekana. Kuna sehemu wanavumilia siku chache, ila uvumilivu wa askari mmoja huwezi kuuonyesha kwa askari wa mbele. Ukishaomba mabadiliko na hati mpya bado haijatoka, tembea na ushahidi wa maombi, namba ya maombi, risiti ya fundi yenye tarehe, na picha za gari kabla na baada. Zinasaidia sana barabarani na zinasaidia zaidi kwa watu wa bima.

Sasa twende kwenye vitu visivyotakiwa kufunikwa, na hapa ndo naomba usome taratibu, kwa sababu kosa la hati ni la makaratasi lakini makosa ya hapa yanaua watu.

Vioo kwanza. Filamu ya mwilini na filamu ya vioo ni vitu viwili tofauti kisheria hata kama zimetoka duka moja na amebandika fundi mmoja. Vioo vinapimwa kwa asilimia ya mwanga unaopita. Uingereza kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1985 kioo cha mbele lazima kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga na vya pembeni mbele asilimia 70, vya nyuma hawavigusi. Ufaransa kuanzia tarehe 1 Januari 2017 vioo vya mbele vyote, pamoja na vya milango ya mbele, ni angalau asilimia 70. Marekani ndani ya nchi moja utakuta New York wanataka asilimia 70 kwenye vioo vya pembeni mbele na Texas wanaridhika na 25, yaani gari halali Texas inaweza kuwa kosa ikivuka kwenda jimbo lingine. India Mahakama ya Juu mwaka 2012 ilipiga marufuku kubandika filamu yoyote juu ya vioo, wakati huo ilitaka kioo kitoke kiwandani na kivuli chake kinachoruhusiwa, siyo uongeze wewe. Kumbuka pia kioo cha kiwandani chenyewe huwa hakipitishi mwanga asilimia mia, kwa hiyo ukibandika filamu inayojiita ya asilimia 70 juu ya kioo ambacho tayari kinapunguza, ukipimwa utaonekana upo chini ya 70, na hapo fundi atakuambia yeye alibandika ya halali. Alibandika kweli, ila kinachopimwa ni vyote viwili kwa pamoja.

Kioo cha nyuma kina unafuu kidogo. Zile stika zenye matundu madogomadogo, ambazo nje unaona picha na ndani unaona barabara, sehemu nyingi zinakubalika nyuma mradi gari ina saiti mira zote mbili zinazofanya kazi. Ila usizipeleke mbele. Mvua ikinyesha maji yanajaa kwenye yale matundu na unaona ukungu tu, hata sehemu wanakoruhusu ni vizuri ulijue hilo.

Taa. Hapa kuna mtindo wa kubandika filamu nyeusi juu ya taa za nyuma ili gari nyeusi iwe nyeusi yote, watu wanaita kuvutisha moshi. Taa ya gari imepimwa na kuthibitishwa ikiwa vile ilivyotoka kiwandani, mwanga kiasi fulani, rangi fulani, pembe fulani, ndo maana ukiangalia kwenye kioo cha taa utaona alama ndogo ya herufi E kwenye duara na namba, ni uthibitisho huo. Ukibandika kitu juu umebadilisha kilichothibitishwa. Usiku mtu wa nyuma yako labda bado anaona taa ya breki, ila mchana wa jua kali filamu ya moshi inakula mwanga na yule wa nyuma anajua umefunga breki pale anapokuwa tayari amekukaribia. Rangi nazo zina kanuni inayofanana karibu dunia nzima, mbele ni mwanga mweupe au wa njano, nyuma mwekundu, hata Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usalama barabarani umesimama hapohapo. Kwa hiyo filamu nyekundu au bluu kwenye taa za mbele ni kosa hata kama inapitisha mwanga vizuri, anayekuja mbele yako hatajua unakuja au unaondoka.

Kanuni hiyohiyo inazigusa stika zinazorudisha mwanga, zile ukizimulika usiku zinawaka. Watu wanazipenda kwa kuandikia majina au kuchora mistari. Uingereza kanuni za taa za 1989 haziruhusu kiakisi chekundu kionekane mbele ya gari wala cheupe kionekane nyuma, na nchi nyingi zina kitu cha namna hiyo. Sababu ni ileile, dereva anayekuja gizani anategemea rangi kujua anaona mgongo wa gari au uso wake. Na zile viakisi ndogo nyekundu zilizo kwenye bampa ya nyuma, usizifunike kwa stika, zipo pale kwa siku ambayo gari imezimika barabarani usiku na taa hazina umeme.

Namba za gari sidhani kama nahitaji kueleza sana. Usizifunike, usizitie filamu ya moshi, usizibadilishie rangi ya nyuma ziendane na gari. Hilo askari na kamera hawalisamehi popote.

Kuna vitu vipya ambavyo sheria nyingi bado hazijavitaja kwa jina ila vinakuhusu. Magari ya sasa yana rada nyuma ya bampa au nyuma ya nembo ya mbele, zinazosaidia gari kufunga breki yenyewe au kukaa mbali na gari ya mbele. Filamu zenye chembe za chuma, hasa zile za krome, zinaweza kuzuia au kupinda mawimbi ya rada hiyo. Sensa za kuegesha zile duara ndogo nazo zikifunikwa zinapiga kelele ovyo au zinanyamaza wakati zinatakiwa kulia. Ukifanya hivyo gari imepoteza mfumo wa usalama iliyouzwa nao, na nchi nyingi zina kifungu cha jumla kinachosema gari iwe katika hali isiyohatarisha mtu, kama Uingereza kanuni ya 100 ya Kanuni za Ujenzi na Matumizi za 1986. Kifungu kama hicho ni kipana, kinaweza kufika mpaka kwenye krome yenyewe inayopiga watu mwanga machoni, hata kama hakuna mahali pameandikwa neno krome. Mwambie fundi akuonyeshe sensa ziko wapi kabla hajaanza, na kitabu cha gari kinaeleza. Halafu namba ya chesisi, iwe kwenye kona ya kioo cha mbele au kwenye nguzo ya mlango, na zile lebo za kiwandani, zote ziachwe wazi zisomeke. Gari ambayo namba yake ya chesisi imefichwa chini ya vinili inamfanya mkaguzi afikirie mabaya na ana haki.

Upande wa rangi zenyewe, uhuru wako ni mkubwa lakini siyo wote. Kuna rangi zina wenyewe. India kanuni ya 121 ya Kanuni za Magari za 1989 inakataza gari lolote lisilo la wizara ya ulinzi kuwa na rangi ya kijani cha zeituni, ile ya jeshi. New York magari mengine ya kubeba abiria kwa kukodi hayaruhusiwi kuwa na ile njano ya teksi. Marekani njano ya mabasi ya shule ilikubaliwa kwenye mkutano wa mwaka 1939 na tangu hapo dereva akiiona anajua kuna watoto, majimbo mengi basi hilo likiuzwa kwa kazi nyingine linatakiwa libadilishwe rangi. Uingereza magari ya polisi yana vile viboksi vya bluu na njano vinavyopishana, ambulensi zina kijani na njano, ukichora gari yako hivyo unakaribia kabisa kosa la kujifanya askari au mtu wa huduma ya dharura, na utetezi wa kwamba ulikuwa mchezo tu haukufikishi mbali kama kuna mtu alikupisha njia au alisimama kwa kukuogopa. Kabla ya kuchagua muundo tafuta magari ya polisi, jeshi, zimamoto, ambulensi na teksi za mahali ulipo yanavyoonekana, kaa mbali nayo.

Na hapa kuna historia ambayo mimi naipenda maana inaonyesha sheria na stika vilivyokutana tangu zamani. Ujerumani teksi zilitakiwa ziwe na rangi moja, ile inayofanana na pembe ya ndovu iliyopauka, tangu 1971. Mwenye teksi akimaliza miaka yake akitaka kuuza gari, nani anataka kununua gari ya rangi ya teksi? Ilikuwa hasara. Miaka ya mwanzo ya 1990 kampuni ya KPMF ikaombwa itengeneze filamu ya kubandika gari nzima badala ya kupaka, gari inanunuliwa nyeusi au fedha, inavishwa rangi ya teksi, siku ya kuuza inavuliwa na rangi ya chini iko mpya kabisa. Yaani moja ya vitu vilivyokuza kazi hii ya kurapu ni watu kutaka kuitii sheria ya rangi bila kuumia. Na angalia pale hakuna aliyesema "hii ni stika tu siyo rangi", teksi iliyovishwa ilikubalika kuwa teksi ya rangi inayotakiwa. Sasa kama stika inatosha kuifanya gari ihesabike ina rangi ya sheria, inatosha pia kuifanya ihesabike imeacha rangi iliyoandikwa. Huwezi kuichukua hoja hiyo upande mmoja tu.

Bima. Kampuni ya bima ilikubali kubeba gari yako kwa maelezo uliyoyatoa siku ile, na mikataba mingi inakutaka uwaambie ukibadilisha chochote kwenye gari. Stika kwa kawaida haiongezi hatari kubwa, na mara nyingi ukiwaambia wanaandika tu na maisha yanaendelea, labda waongeze kidogo kama ni matangazo ya biashara. Shida ni pale usipowaambia. Ajali imetokea, mkaguzi anakuja anakuta gari rangi nyingine na iliyoandikwa kwenye bima, hapo umewapa sababu ya kuchelewesha malipo au kuyapunguza, na uko dhaifu kwenye mazungumzo wakati ule ambao unahitaji hela kuliko wakati wowote. Kitu kingine watu hawakifikirii, gari ikigongwa mlango bima ya kawaida inalipa mlango na rangi ya kiwandani. Vinili ya mlango ule, na pengine ya upande mzima kwa sababu stika mpya haifanani na iliyopigwa jua miaka miwili, hiyo ni juu yako kama hukuiandikisha na thamani yake. Andika barua pepe, subiri wakujibu kwa maandishi, hifadhi. Kupiga simu tu haitoshi.

Kama gari ni ya mkopo au ya kukodi kwa muda mrefu, kumbuka mwenye gari kisheria mara nyingi ni benki au kampuni, wewe unaitumia tu mpaka umalize. Mikataba mingi inakataza kubadilisha muonekano bila idhini. Wengi wanaidhinisha vizuri tu ukiwaomba, kwa sharti uibandue siku ya kurudisha. Hatari ipo kwenye kubandua, rangi ya kiwandani iliyo nzima huwa inavumilia, ila sehemu iliyowahi kupigwa rangi upya baada ya kugongwa inaweza kutoka pamoja na stika. Na filamu nayo ina umri wake, ikiachwa juani miaka mingi kupita muda aliosema mtengenezaji inakatikakatika na gundi inabaki kwenye rangi, kuisafisha ni kazi na gharama. Kabla ya kubandika muulize fundi hiyo filamu ni ya miaka mingapi na uiandike tarehe.

Picha na nembo ni eneo lingine ambalo halina uhusiano na trafiki kabisa. Kuweka kwenye gari yako uso wa msanii, katuni, au nembo ya timu, hasa kama gari inafanya biashara, unaingia kwenye hakimiliki na alama za biashara. Kuna kisa cha 2014 cha mwanamuziki wa Kanada deadmau5, alirapu Ferrari yake ya 458 kwa picha ya paka maarufu wa mtandaoni na kuweka baji zake za utani zilizofanana na nembo ya kampuni. Ferrari wakamwandikia barua aache. Watu mpaka leo wanakieleza kama ushahidi kwamba kampuni inaweza kukukataza kurapu gari uliyonunua kwa hela yako, ila uzito wa kisa ulikuwa kwenye nembo, kuchezea alama yao ya biashara na gari ikatangazwa kuuzwa hivyo. Rangi yako ni yako, alama ya mtu mwingine ni yake.

Na ukibandika tangazo la biashara, hata kama ni biashara yako mwenyewe, angalia mambo mawili: bima yako inasema matumizi binafsi au ya biashara, na kama mamlaka ya mji wako inatoza kibali cha matangazo yanayotembea kwenye magari, maana miji mingine wanatoza. Maandishi ya matusi au ya kuchochea chuki hayo yanakwenda kwenye sheria za jinai moja kwa moja, kuyaandika kwenye mlango wa gari hakuyapi kinga yoyote.

Katika haya yote jukumu ni la mwenye gari. Fundi mzuri atakuonya, wengine watakuwekea karatasi usaini kwamba umekubali kuripoti mwenyewe, lakini faini ya hati inakuja kwa jina lililo kwenye hati, na dereva ndo anayejibu kuhusu vioo na taa siku amesimamishwa, hata kama gari ameazima.

Mwisho wa stika nao una makaratasi yake, hapa wengi wanasahau. Uliripoti ukitoka nyeupe kwenda kijani, miaka imepita ukabandua, gari imerudi nyeupe, hati bado inasema kijani. Unatakiwa uripoti tena, kwa utaratibu uleule. Ukiuza gari ikiwa bado imerapiwa mwambie mnunuzi rangi ya chini ni ipi na mpe risiti ya filamu. Na wewe ukiwa ndo mnunuzi wa gari iliyorapiwa, linganisha hati na gari inavyoonekana, fungua milango uone kingo za ndani na chini ya boneti ambako stika huwa haifiki, omba kona moja iinuliwe mbele yako, na gusa kwa vidole kwenye maungio ya milango na matao ya magurudumu, maana vinili nene inaficha vizuri sana kutu, mikwaruzo na puti ya kujazia mabonde iliyopigwa juu ya mgongano wa zamani. Muuzaji akikataa kona isiinuliwe, iangalie gari nyingine.